Kazi ya Simuni Iende Ubaoni: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii, nyingi kutoka Kigoma na Tabora, zinarudia jambo moja kwa sura tofauti: mtu ana orodha ya kazi kwenye simu, ofisi ina programu ya kufuatilia miradi kwenye kompyuta, na kila kitu kinaandikwa mara mbili. Tumezijibu pamoja. Humu tukisema "ubao" tuna maana ya programu kama Trello, yenye safu na kadi. "Kiunganishi" ni huduma ya kati kama Zapier au Make: inaona jambo limetokea upande mmoja (kichocheo), inatenda jambo upande wa pili (tendo).

Habari za kazi, wahariri. Nasimamia karakana ya samani za mninga hapa Isevya, Tabora. Mteja akipiga simu, naandika oda papo hapo kwenye Todoist, programu ya orodha ya kazi simuni. Mafundi wanaangalia ubao wa Trello kwenye kishikwambi cha karakana. Kila jioni nahamisha oda kwa mkono, na nyingine zinanipita. Kwa wiki ni oda 10 hivi. Kuna njia isiyo ya kulipia?

Ipo, ndugu yetu, na kwa idadi hiyo inakutosha, japo kwa kubana. Zapier ya bure inatoa matendo 100 kwa mwezi, na kila muunganisho unaruhusiwa hatua mbili tu: kichocheo kimoja na tendo moja. Oda 10 kwa wiki ni kama 43 kwa mwezi. Kufungua kadi 43 na kufunga kazi 43 ni matendo 86. Kinachohesabiwa ni tendo lililofanikiwa. Zapier ikichungulia Todoist na kukuta hakuna kipya, haikukati kitu. Unabaki na 14 za akiba, kwa hiyo usiongeze mbwembwe za kujitumia barua pepe kila oda inapoingia.

Anza na Todoist. Fungua mradi uitwao "Oda" na usiweke humo chochote kisicho oda. Wengi huharibu hapa: wanaunganisha kikasha kikuu, kisha "nunua sukari" na "mpigie shangazi" zinatokea mbele ya mafundi. Mpango wa bure hauna nafasi ya hatua ya tatu ya kuchuja, kwa hiyo mradi wenyewe ndio kichujio chako. Todoist ya bure inaruhusu miradi 5, nafasi unayo. Upande wa Trello tengeneza safu tatu: Mpya, Inatengenezwa, Tayari.

Muunganisho wa kwanza: kichocheo ni kazi mpya ambayo haijakamilika katika mradi wa Oda, tendo ni kuunda kadi kwenye safu ya Mpya. Jina la kazi liwe jina la kadi, tarehe ya kazi iwe tarehe ya mwisho ya kadi. Kwenye sehemu ya maelezo ya kadi weka namba ya utambulisho ya kazi ile, peke yake, bila neno wala nafasi ya ziada. Namba hii ukiisahau, hutakuwa na njia ya kuifunga kazi kutoka ubaoni, kwa sababu tendo la kukamilisha kazi ya Todoist linataka namba, si jina. Vipimo vya kabati na rangi ya vanishi viandikwe kwenye maoni au kwenye orodha ya hatua iliyo ndani ya kadi. Waambie mafundi wazi kwamba maelezo hayaguswi. Fundi akiongeza hapo "mteja anataka droo mbili", kadi itahamia Tayari na kazi ya simuni itabaki imeduwaa.

Muunganisho wa pili: kichocheo ni kadi kuhamia safu ya Tayari; tendo ni kukamilisha kazi ya Todoist. Sehemu inayodai namba ya kazi, chagua maelezo ya kadi.

Jaribu kwa oda ya uongo, mathalani "JARIBIO stuli", na uwe na subira. Kwenye mpango wa bure ukaguzi hufanyika kila dakika 15, na mtu asiyejua hilo huandika oda ile ile mara nne akidhani haijaenda. Jua pia kwamba oda zilizokuwepo kabla hujawasha muunganisho hazitahama zenyewe. Hizo zihamishe kwa mkono mara moja ya mwisho.

Kuna jambo tunakushauri ulikatae hata ukishawishiwa: kuunganisha mabadiliko ya tarehe. Muunganisho wa kwanza unapeleka tarehe siku ya kuundwa tu. Mteja akisogeza siku ya kuchukua kitanda, ibadilishe ubaoni, mahali fundi anapoiona. Simu ni ya kupokelea oda, ubao ndio wenye kauli juu ya tarehe. Ukiruhusu pande zote mbili ziwe na kauli, siku utakayobadilisha huku na fundi akabadilisha kule ndani ya robo saa, moja itaifuta nyingine na hakuna atakayejua ipi ilikuwa sahihi.

Oda zikifika 12 kwa wiki hesabu inavuka 100. Hapo ama funga kazi za simuni kwa kidole, ama hamia Make. Kabla ya kuhamia, soma jibu linalofuata.

Tunauza vipuri vya injini za boti Kibirizi, Kigoma. Tulichagua Make kwa sababu bure yao ni 1,000 kwa mwezi, si 100. Kadi zetu hazizidi 6 kwa siku. Ajabu ni kwamba siku ya 10 kila kitu kinazima na tunaambiwa tumemaliza. Tunaibiwa?

Hamuibiwi; mnalipia hodi. Make huhesabu kila moduli (hatua moja ya muunganisho) inapofanya kazi, na kichocheo ni moduli. Kila kinapobisha hodi Todoist kuuliza kama kuna kipya, inahesabiwa moja, hata kikijibiwa hakuna. Kila dakika 15 ni hodi 96 kwa siku. Ongeza kadi zenu 6, ni 102. Gawanya 1,000 kwa 102: mnafika siku ya 10 mkiwa mmekauka. Usiku wa manane, duka limefungwa na boti zimelala, hodi zinaendelea.

Dawa iko kwenye ratiba ya muunganisho. Chagueni dakika 30, kisha kwenye mipangilio ya ziada wekeni Jumatatu hadi Jumamosi, 08:00 hadi 17:00, yaani saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hizo ni hodi 19 kwa siku, 494 kwa siku 26 za kazi. Kadi 6 kwa siku ni 156. Jumla 650.

Mkitaka na safari ya kurudi, ya kufunga kazi kadi inapokamilika, msiipe ratiba hiyo hiyo, maana 494 nyingine zitawavusha mpaka. Hata kila saa moja haitoshi: hodi 260 na matendo 156 juu ya 650 ni 1,066. Iwekeni mara 4 kwa siku. Hodi 104 na matendo 156 ni 260, jumla kuu 910. Kazi iliyokamilika ikichelewa kufutika simuni kwa muda wa saa chache, hakuna injini itakayoharibika. Miunganisho hiyo miwili ndiyo mwisho wa mpango wa bure. Wa tatu hautawaka.

Kama programu yenu inatoa kichocheo cha papo hapo, kinachotumia webhuku, kitumieni. Chenyewe hakibishi hodi. Hukaa kimya hadi kiletewe habari.

Na kabla hamjaandika barua ya pili: kwenye kichocheo kuna sehemu ya kikomo cha idadi kwa kila mzunguko, na mara nyingi huanza ikiwa 2. Zikiingia oda 6 kwa pamoja, zinahamishwa mbili, zinazobaki zinasubiri mizunguko inayofuata. Wekeni 20.

Nafunga sola Kasulu. Niliunganisha orodha iende ubaoni, na ubao urudi kwenye orodha, ili nikiandika popote pawe sawa. Juzi jioni niliandika kazi 5. Asubuhi nimekuta zaidi ya 100, kote kote. Nifanyeje?

Zima miunganisho yote miwili sasa hivi, kabla hujafuta hata kadi moja. Ukianza kufuta huku inazunguka, itakujazia mbele yako.

Kilichotokea ni hiki. Kazi uliyoandika simuni imeunda kadi. Muunganisho wa pili umeiona kadi mpya, haukujua kwamba imetoka kwako, ukaunda kazi mpya. Wa kwanza ukaiona kazi mpya, ukaunda kadi. Kila upande ukikaguliwa kwa robo saa, mzunguko mmoja unachukua kama nusu saa. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni mizunguko 24, kwa kazi 5 ni nakala 120. Ungekuwa unatumia vichocheo vya papo hapo, ungezipata hizo 120 kabla chai haijapoa.

Usafi: kwenye Trello, menyu ya safu ina chaguo la kuhifadhi kadi zote za safu hiyo kwa pamoja. Hamisha kwanza zile 5 halisi kwenye safu nyingine. Kwenye Todoist tafuta zilizoundwa tangu jioni hiyo, zichague kwa pamoja ukiacha zile 5 halisi, uzifute. Zifute, usizikamilishe, maana ukija kuwasha muunganisho wa kufunga, zile ulizokamilisha zinaweza kuchukuliwa kama kazi zilizofanyika kweli.

Ujenzi mpya: ushauri wetu wa kwanza ni kazi zizaliwe upande mmoja tu, na kutoka upande wa pili urudi ukamilisho peke yake. Ukilazimika kuwa na milango miwili, basi kila kinachoundwa na kiunganishi kibebe alama. Kazi iliyotoka ubaoni ipewe lebo "toka-ubaoni". Kadi iliyotoka simuni ipewe lebo "toka-simuni". Kisha kila muunganisho uwe na kichujio kabla ya tendo: endelea kama tu lebo hiyo haipo. Hapa utahitaji mpango wenye hatua zaidi ya mbili, au Make.

Mtego uliopo ni wakati wa kubandika lebo. Iwekwe ndani ya tendo lile lile la kuunda. Ukiunda kadi kwanza, kisha hatua inayofuata ndiyo ibandike lebo, kichocheo cha papo hapo upande wa pili kinaweza kuisoma kadi katika ile sekunde ambayo haina lebo, na mzunguko unaanza upya. Ni vivyo hivyo ukimwachia Butler, otomatiki ya ndani ya Trello, abandike lebo kwa kadi zinazoingia: anabandika baada ya kadi kuwepo, si wakati inazaliwa.

Kikundi chetu Sikonge kinafungasha asali. Nikiweka kazi ya tarehe 14, kadi inaonyesha saa 9 usiku wa tarehe 14. Mnunuzi wetu aliyeko New York anaona tarehe 13. Nani mwenye kosa?

Hakuna mwenye kosa, ni masaa. Kazi yenye tarehe bila saa inapopita kwenye kiunganishi, mara nyingi hujazwa saa 00:00 ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia. Tanzania iko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo kwenu ni 03:00, saa 9 usiku. New York iko nyuma ya UTC kwa saa 4 au 5 kutegemea majira, na huko bado ni jioni ya tarehe 13.

Weka saa kamili, usiache wazi. Kwenye sehemu ya tarehe ya mwisho ya kadi andika tarehe ya kazi ikifuatwa na T17:00:00+03:00, hivi: 2025-11-14T17:00:00+03:00. Hiyo ni saa 11 jioni ya Sikonge, na New York itaonekana asubuhi ya tarehe 14 hiyo hiyo. Kisha kagua majira ya eneo mahali patatu: akaunti ya orodha, akaunti ya kiunganishi, na simu yenyewe. Jina sahihi ni Africa/Dar_es_Salaam. Lisipokuwepo kwenye menyu, Africa/Nairobi ni saa zile zile.

Mkiwa mnatumia Google Tasks kama orodha, msihangaike kupeleka saa kutoka humo. Njia ambayo viunganishi huitumia kuisoma Google Tasks inatoa tarehe peke yake. Saa uliyoipanga inaachwa njiani. Saa ya kudumu, kama hiyo ya 17:00, iongezwe na kiunganishi.

Halafu kuna saa zetu wenyewe. Mwanakikundi akiandika 4:00 akimaanisha saa 4 asubuhi, programu inaelewa alfajiri. Kubalianeni kwamba ndani ya programu ni mtindo wa saa 24: saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 10 jioni ni 16:00. Na Todoist haisomi "kesho saa 4" ya Kiswahili ikaigeuza tarehe. Itayaacha maneno hayo kwenye jina la kazi, na kadi itafika bila tarehe yoyote.

Niko Uvinza, umeme na bando vyote ni vya kubahatisha. Nikizima simu, otomatiki nayo inasimama?

Hapana. Zapier na Make zinaendeshwa kwenye seva zao, hazitumii bando lako wala chaji yako. Simu inahitaji mtandao wakati wa kupakia ulichoandika tu. Todoist inapokea kazi bila mtandao na kuzituma ukipata mawimbi. Jihadhari na ushauri wa kufunga n8n, kiunganishi unachoweza kukiendesha mwenyewe, kwenye laptopu ya ofisini kwa sababu "ni bure". Ni nzuri, ila ikifungwa humo inasimama kila laptopu inapolala.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa tehama, naishi Ujiji. Nataka kutoa kazi Google Tasks kwenda Trello bila Zapier wala Make, niandike mwenyewe. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia Google Apps Script, kwenye script.google.com, pamoja na jedwali moja la Google Sheets. Jedwali ndilo kumbukumbu yako: safu ya kwanza namba ya kazi, ya pili namba ya kadi, ya tatu hali. Ndani ya mradi ongeza huduma ya Tasks kwenye orodha ya huduma, haijiwashi yenyewe.

Kwa Trello unahitaji vitu vitatu: ufunguo, tokeni na namba ya safu. Namba ya safu haionekani kwenye anwani ya ubao. Fungua ubao, ongeza .json mwishoni mwa anwani yake, utafute sehemu ya "lists". Kila safu ina "id" yake ya herufi na tarakimu 24. Ukitumia kile kijina kifupi cha kwenye anwani badala ya namba hiyo, utarudishiwa kosa 400. Kosa 401 ni ufunguo au tokeni. Tokeni ni sawa na nywila: iweke kwenye sifa za hati (Script Properties), usiiandike ndani ya msimbo utakaomtumia rafiki.

Kazi ya hati ni fupi. Soma kazi zote za orodha. Kwa kila kazi, iangalie kwenye jedwali. Haipo, tuma ombi la POST kwenda https://api.trello.com/1/cards ukiwa na key, token, idList, name na due, kisha andika mstari kwenye jedwali. Andika mstari huo papo hapo baada ya kila kadi. Usikusanye uandike mwishoni, kwa sababu hati hukatwa ikifika dakika 6, na ikikatwa katikati, kadi zitakuwa zimeundwa bila kumbukumbu. Mzunguko ujao utaziunda tena.

Mambo mawili yatakuchanganya. La kwanza, ombi la kusoma kazi hurudisha 20 tu usipotaja idadi. Kazi ya 21 itakuwa kama haipo. Weka maxResults iwe 100, ambayo ndiyo juu kabisa, na zikizidi fuata nextPageToken. La pili, kazi iliyokamilishwa kwenye programu ya Google yenyewe hufichwa. Utaomba zilizokamilika, upate orodha tupu, na utaapa kwamba msimbo wako ni mbovu. Weka showHidden iwe true pamoja na showCompleted.

Kichocheo cha muda kiwe kila dakika 15. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusiwa jumla ya dakika 90 za vichocheo kwa siku. Ukigawa kwa mizunguko 96, kila mzunguko una sekunde 56 kwa wastani. Kwa kazi mia mbili tatu hutazigusa.

Kazi zangu za haraka za p1 (kipaumbele cha kwanza) zikifika ubaoni zinapewa rangi ya mwisho, na zile za kawaida zinakuwa nyekundu. (Msomaji, Urambo)

Todoist huhesabu kinyumenyume kwa ndani. p1 unayoiona kwenye skrini, kiunganishi kinaipokea kama 4. P4 inakuwa 1. Geuza kanuni zako: 4 ndiyo nyekundu.

Naendesha nyumba ya wageni Kigoma mjini. Kazi kama "washa jenereta ya akiba, dakika 20" inajirudia kila Jumatatu. Wiki ya kwanza kadi imekuja vizuri. Wiki ya pili hakuna kadi. Mbona?

Kwa sababu kwa macho ya kiunganishi hakuna kazi mpya. Ukikamilisha kazi inayojirudia kwenye Todoist, haizaliwi nyingine. Ile ile inasogezwa tarehe, na namba yake ni ile ile. Kichocheo cha kazi mpya kimeshaiona, kinaipita.

Usipambane nayo. Toa kazi zote zinazojirudia kwenye mradi uliounganishwa na uzipange Trello moja kwa moja, kwa Butler: kila Jumatatu saa fulani, unda kadi yenye jina fulani kwenye safu fulani. Trello ya bure inaruhusu Butler mizunguko 250 kwa mwezi kwa eneo la kazi zima. Kadi moja kwa wiki haitaonekana humo. Weka na amri ya pili, kwamba kadi ikitiwa alama ya kukamilika tarehe yake ihamie safu ya Tayari. Kama unataka simu ikukumbushe, programu ya Trello ya simuni inaleta taarifa ya tarehe ya mwisho. Jiunge na kadi hiyo.

Tunafanya kazi na familia za wakimbizi, wilaya ya Kibondo. Maofisa wanaandika ziara kwenye orodha zao na tunataka ziende kwenye ubao wa mradi. Majina na namba za simu za wahusika yaende pia?

Yasiende. Kazi moja ikipita kwenye kiunganishi, maandishi yake yanakaa mahali patatu: kwenye orodha, kwenye ubao, na kwenye historia ya kiunganishi, ambako kila mzunguko huhifadhiwa pamoja na kilichobebwa. Hicho cha tatu husahaulika, na mara nyingi kinasomwa na yeyote mwenye nywila ya akaunti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na seva za huduma hizi ziko nje.

Jina la kazi liwe namba ya jalada na aina ya ziara: "KB-0417, ziara ya pili". Jina na simu vibaki kwenye daftari au mfumo wa ndani wa taasisi. Na kwa usalama zaidi msiunganishe kabisa sehemu ya maelezo. Pelekeni jina la kazi, tarehe na lebo tu. Ofisa akijisahau akaandika habari za familia kwenye maelezo, zitabaki kwenye orodha yake. Zungumzeni na anayesimamia ulinzi wa taarifa katika taasisi yenu kabla ya kuwasha.

Otomatiki yetu hapa Nzega ilikuwa inakwenda vizuri mwaka mzima. Karani ameacha kazi, tumemtoa kwenye ubao, na kesho yake hakuna kadi inayoingia. Tumebadilisha nywila, tumewasha na kuzima, wapi.

Muunganisho ulifungwa kwa akaunti ya karani. Kiunganishi kilikuwa kinaunda kadi kwa jina lake, na mlipomtoa ubaoni mkakitoa nacho. Kubadilisha nywila hakusaidii. Wakati mwingine kunakata na miunganisho iliyobaki mizima.

Fungueni akaunti kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Iingizeni kwenye ubao kama mwanachama. Kisha ndani ya kiunganishi ongezeni muunganisho mpya wa Trello kwa akaunti hiyo na mwende kwenye kila hatua inayogusa Trello mbadilishe akaunti moja moja. Kuongeza akaunti peke yake hakubadilishi hatua za zamani. Chagueni upya ubao na safu, jaribuni kwa kazi ya uongo, ndipo muwashe. Kama ni Make, mtakuta muunganisho umejizima wenyewe: kwa kawaida hujizima baada ya makosa 3 mfululizo.

Kazi zilizoshindwa katika siku hizo hazitajirudia zenyewe kwenye mpango wa bure. Fungueni historia, mzisome, mziandike kwa mkono.

Kwenye mipangilio ya akaunti za Trello zilizobaki, angalieni pia orodha ya programu zilizopewa ruhusa na mfute zile msizozitambua. Na hesabuni viti: Trello ya bure inachukua washirika 10 kwa eneo la kazi, na akaunti ya ofisi inahesabiwa kama mtu. Kama mlikuwa 10 na mmeshaajiri karani mpya, wa 11 hataingia.